KAHAWA YA KILIMANJARO IITWE KWA JINA LAKE

Katika hoteli moja mjini Moshi, walimu wakuu na watumishi wa serikali walikuwa wamekusanyika kwa semina. Ilipofika saa nne wahudumu walileta chai. Juu ya meza palikuwa na maji ya moto, maziwa, maandazi na kopo la kahawa ya unga. Mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa Kibosho, alilichukua kopo lile, akavaa miwani yake, akaanza kulisoma taratibu kama asomavyo daftari la mwanafunzi asiyemwamini. Kopo lilitaja kampuni. Lilitaja mji wa Ulaya lilikofungwa. Lilitaja tarehe ya mwisho wa matumizi, na kwa herufi kubwa likajigamba kwamba kilichomo ni Arabika kwa asilimia 100. Mzee akalizungusha mara mbili, kisha akauliza bila kuinua sauti: "Ndugu zangu, kahawa hii imelimwa wapi?"

Hapakuwa na mtu aliyeweza kumjibu. Tulikuwa tumeketi katika mji ulioishi kwa kahawa kwa muda wa karne nzima, mwendo mfupi tu kutoka kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa ya mlima, na wengi wetu tulisomeshwa kwa fedha za kahawa. Hata hivyo tulikuwa tunakunywa kitu ambacho lebo yake ilitueleza aina ya mti lakini haikutueleza nchi wala watu walioupanda.

Swali la mwalimu yule ni fupi kwa maneno, lakini ni zito kwa maana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kukosekana kwa jina la nchi ya asili katika lebo ya chakula hakutokani na usahaulifu wa mpiga chapa. Kunatokana na kanuni iliyoandikwa, ambayo inatetewa na wale wanaonufaika nayo, na ambayo sisi wenyewe tunaisaidia kwa uzembe wetu.

KANUNI INAYOMFUTA MKULIMA

Mwaka 1963 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani yaliunda tume ya pamoja ya viwango vya chakula, iitwayo Codex Alimentarius, yenye sekretarieti yake mjini Roma. Mwaka 1985 tume hiyo ilipitisha kiwango cha jumla cha lebo za vyakula vilivyofungashwa. Viwango vya nchi nyingi za dunia, pamoja na vile vya Afrika Mashariki, vimejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo mtumishi wa serikali anayetaka kujua kwa nini kopo lile lilinyamaza hana budi kuanzia hapo.

Kifungu cha 4.5 cha kiwango hicho kinahusu nchi ya asili, nacho kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inaagiza kwamba nchi ya asili itajwe endapo kutoitaja kutampotosha mnunuzi. Hapo hatuna ugomvi na mtu. Sehemu ya pili ndiyo yenye sumu. Inaeleza kwamba chakula kikisindikwa katika nchi ya pili kwa namna inayobadilisha hali yake ya asili, basi, kwa madhumuni ya lebo, nchi hiyo ya pili ndiyo itakayohesabiwa kuwa nchi ya asili.

Tuisome tena kanuni hiyo kwa macho ya mkulima wa Machame. Ameupanda mti, ameulea, ameuchuma, amemenya tunda lake, ameliosha na kulianika. Gunia likasafirishwa hadi bandarini, likavuka bahari, likafika katika karakana ya mkaangaji. Huko punje zikatiwa ndani ya mtambo wa moto kwa muda usiozidi dakika 20. Mkaangaji akishasema kwamba moto wake umebadilisha hali ya asili ya punje zile, kahawa imezaliwa upya. Imepata uraia mpya. Mlima Kilimanjaro umeondolewa katika cheti chake cha kuzaliwa.

Watetezi wa kanuni hiyo watasema kwamba haimpendelei mtu yeyote, kwa kuwa haitaji jina la taifa lolote. Ni kweli haitaji. Lakini sheria isiyotaja majina huwapendelea wale ambao tayari wana kitu inachokitukuza, na kitu kinachotukuzwa hapa ni mtambo. Mitambo iko kwao, mashamba yako kwetu. Ndiyo maana Ujerumani, nchi isiyo na shamba la kahawa, imo miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani. Hainyang'anyi kwa bunduki kama ilivyofanya katika mlima huu huu mwishoni mwa karne ya 19. Inanunua, inakaanga, inafungasha na kuuza kwa jirani zake, na kila hatua iko ndani ya kanuni.

Mkataba wa mwaka 1994 wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali za ubunifu nao umeweka matabaka. Kifungu chake cha 23 kinalinda majina ya mahali yanayotumika kwa mvinyo na pombe kali kwa ulinzi wa ziada. Mtu haruhusiwi kuandika jina la mahali ambako mvinyo haukutoka, hata akiongeza maneno kama "aina ya" au "mfano wa", na hata akitaja asili ya kweli pembeni. Kahawa, chai, karafuu na asali zimeachiwa kifungu cha 22, ambacho kinamtaka mlalamikaji athibitishe kwanza kwamba mnunuzi amepotoshwa. Mwenye shamba la zabibu huko Champagne amepewa ukuta wa mawe. Mwenye kihamba huko Marangu amepewa ua wa majani makavu, na akitaka kuutetea sharti apande ndege na kuajiri mawakili. Hatujapata kuelezwa kwa nini jasho la mkulima wa zabibu lina thamani kuliko jasho la mkulima wa buni.

JASHO LENYE DAFTARI

Wako wasomi wanaodhani kwamba haya ni malalamiko ya kihisia, ya watu wanaotaka jina tu kwa ajili ya kujivuna. Hao hawajafikiri vya kutosha kuhusu kazi ambayo jina hufanya sokoni.

Kahawa ya mlima haikupata jina lake kwa bahati. Miche iliyopandwa na wamisionari huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19 ingeweza kubaki kuwa kilimo cha walowezi peke yao, na walowezi walitaka iwe hivyo. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa na wizi. Wakulima hawakukubali. Mwaka 1925 waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, na Joseph Merinyo akawa kiongozi wake. Mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU, miongoni mwa vyama vya ushirika vikongwe kabisa barani Afrika. Kwa hiyo jina la Kilimanjaro katika biashara ya kahawa ya dunia limejengwa na wakulima wadogo wenye vihamba vya ekari moja au mbili, walioshinda hoja ya kwamba Mwafrika hawezi kulima zao bora.

Kazi yenyewe haijawa nyepesi tangu wakati huo. Matunda ya tawi moja hayaivi siku moja, kwa hiyo huchumwa kwa mkono, jekundu mojamoja, na mchumaji hurudi kwenye mti ule ule mara kadhaa katika msimu. Yaliyochumwa mchana humenywa kwa mashine jioni ile ile. Punje hulazwa zichachuke, huoshwa kwa maji safi, kisha huanikwa juu ya meza za wavu, na mwanakaya mmoja huwa mlinzi wa kuzifunika jua linapokuwa kali mno au wingu linapotanda. Kabla ya hapo mkulima amepogoa, amepalilia, ametia samadi, na amebeba bomba mgongoni kupiga mrututu dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Kazi hizo, ambazo nyingi hufanywa na akina mama, ndizo zinazoifanya kahawa ya Kilimanjaro iwe na ladha yake. Moto wa mkaangaji hauwezi kutia ladha ambayo shamba halikuitia.

Sasa na tuangalie njia ya gunia. Mkulima huipeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, ikapimwa na kuandikwa. Chama huipeleka kiwandani, ikakobolewa na kuchambuliwa kwa madaraja: AA, A, B, PB na mengineyo. Mnadani mnunuzi huletewa sampuli yenye namba, na anaweza kujua chama kilichoileta na daraja lake. Kila mkono unaoipokea hutia saini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini mali hii ina daftari. Tangu kihambani hadi melini tunaweza kueleza ilikopita. Ni pale inapoingia kwa mkaangaji ndipo daftari linafungwa, na mnywaji anapewa kopo lisilo na habari. Jina hilo halikupotea njiani. Limekatwa.

Kwa nini linakatwa? Kwa sababu bidhaa isiyo na jina haina mteja wake. Mnywaji wa Ulaya aliyezoea jina la kampuni atarudi dukani kutafuta kampuni. Mwaka huu kampuni itatia ndani ya kopo kahawa ya Tanzania, na mwakani, bei ya Tanzania ikipanda kwa senti chache, itatia ya nchi nyingine, na mnywaji hatajua. Mkulima asiye na jina anaweza kubadilishwa wakati wowote kama taa iliyoungua. Hana nguvu ya kusema kwamba bei hii sikubali, kwa kuwa hakuna mtu upande wa pili anayemtafuta yeye hasa.

Matokeo ya unyonge huo tumeyaona kwa macho. Tarehe 4 Julai 1989 mfumo wa mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisimamishwa, na bei ya dunia ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanguka tena hadi kiwango ambacho hakikuweza kurudisha hata gharama ya mrututu. Huko Uru, Old Moshi na Kirua Vunjo watu waling'oa mibuni wakapanda migomba, mahindi na nyanya. Wengine waliiacha ikawa kichaka, na vijana wakashuka mjini. Mapema mwaka 2025 bei ya Arabika katika soko la New York ilipanda hadi kuvunja rekodi, lakini aliyekwisha kung'oa miti yake hakuwa na cha kuuza, kwa maana mti wa kahawa hauzai kwa kuambiwa kwamba bei imepanda. Unataka miaka mitatu hivi.

Tufanye hesabu ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Kilo moja ya kahawa safi ikikaangwa hubaki gramu 800 hivi. Kikombe kimoja kikitengenezwa kwa gramu 10, kilo ile hutoa vikombe 80. Mara nyingi alichopata mkulima kwa kilo nzima hakizidi bei ya vikombe viwili au vitatu katika mkahawa wa mji mkubwa wa Ulaya. Hatusemi vikombe vyote 80 ni vyake. Yuko mchukuzi, yuko mkaangaji, yuko mhudumu, na kila mmoja ana jasho lake. Tunasema kwamba mtu aliyefanya kazi ya miaka mitatu hastahili kuwa mtu pekee asiyetajwa.

HOJA ZA WAKAANGAJI

Wakubwa wa biashara hiyo hawakosi majibu, nasi hatuna sababu ya kuyaogopa.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba kahawa ya kopo ni mchanganyiko wa nchi nyingi, ambao hubadilika kila msimu, na kwamba kuandika majina hayo yote hakuwezekani. Hoja hiyo inavunjwa na Japani. Huko, chini ya kanuni za lebo ambazo wafanyabiashara wa kahawa wenyewe wamejiwekea, pakiti ya kahawa hutaja nchi zilizozalisha punje mbichi, kuanzia ile iliyotoa uzito mkubwa zaidi. Wanaotaka kutumia jina la Kilimanjaro katika mchanganyiko hutakiwa watie angalau asilimia 30 ya kahawa inayostahili jina hilo. Japani haikosi kahawa wala haijafilisika kwa sababu ya wino wa lebo, nayo imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa yetu. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo la mwaka 2024, umeamua kwamba asali iliyochanganywa itaje kila nchi ilikotoka pamoja na kiasi chake. Kama nyuki wa nchi mbalimbali wanaweza kutajwa katika chupa moja, mkulima naye anaweza.

Tena kuna jambo linaloshangaza zaidi. Mwaka 2023 Umoja huo huo wa Ulaya ulipitisha sheria dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, na kahawa imo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini masharti yake yako wazi: mwagizaji lazima aeleze vipimo vya mahali shamba lilipo. Wataalamu wamepanda na kushuka miteremko yetu wakipima vihamba ili kila punje iweze kufuatiliwa hadi kwenye mgomba uliokuwa jirani yake. Kulinda misitu ni jambo jema, na wananchi wa mlima huu wanaoona theluji ikipungua hawahitaji kuhubiriwa. Lakini tunauliza: anayeweza kujua shamba la mkulima kwa vipimo vya setilaiti anapotaka kumkagua, anashindwaje kujua hata jina la nchi yake anapotakiwa kuliandika kwenye kopo? Habari wanazo. Wanachokosa ni nia.

Hoja ya pili wanatuambia: kama mnataka jina, kaangeni wenyewe. Hapa tuseme kweli, maana hoja hii ina nusu ya ukweli. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya hautozi ushuru bidhaa za nchi maskini kabisa, isipokuwa silaha, na Tanzania imekuwa ikihesabiwa humo. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya ushuru. Kiwanda cha TANICA kule Bukoba kimethibitisha tangu zamani kwamba Mtanzania anaweza kutengeneza kahawa ya kopo. Lakini kahawa iliyokaangwa huchakaa upesi kuliko mbichi, safari ya bahari ni ndefu, na rafu za maduka ya huko zimekwisha kukaliwa na makampuni yenye fedha nyingi za matangazo. Mgeni anayebisha hodi huko huhitaji jina linalojulikana. Jina hilo litajulikanaje ikiwa kwa miaka yote punje zake zimekuwa zikinywewa bila kutajwa? Wametunyima ngazi, kisha wanatulaumu kwa kutopanda darini.

Hoja ya tatu hutolewa na mabingwa wa biashara huria, wasemao kwamba kutaja nchi ya asili ni ubaguzi. Hupenda kutukumbusha kesi ya nyama ya Marekani. Ni kweli kwamba Kanada na Mexico ziliishitaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani kwa sheria yake ya lebo, na kwamba Desemba 2015 Bunge la Marekani liliondoa sharti hilo kwa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Lakini mabingwa hao husoma hukumu nusu. Waamuzi hawakusema kwamba kumwarifu mnunuzi ni kosa, bali walikubali kwamba ni lengo halali. Walichokikataa ni utaratibu uliowatwika wafugaji wa nje gharama za kumbukumbu kuliko habari zilizomfikia mlaji. Kwa kahawa hali ni kinyume: kumbukumbu zimekwisha kuwekwa na mkulima kwa gharama yake, ila mlaji ndiye anayefichwa.

Wengine wamepigania jambo hili nao hawakushindwa. Mwaka 2007 jina la kahawa ya Kolombia lilisajiliwa na kulindwa katika Umoja wa Ulaya, likiwa jina la kwanza la bidhaa kutoka nje ya Umoja huo. Mwaka huo huo Ethiopia ilifikia mapatano na kampuni ya Starbucks kuhusu majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, baada ya mabishano makali. Mwaka 2019 wakulima wa Kona, katika visiwa vya Hawaii, waliwashitaki wauzaji waliodaiwa kuliweka jina la Kona katika pakiti za kahawa ya kwingineko, na wengi wa wauzaji hao walikubali kulipa. Hao wote ni wakulima kama wetu. Walichotuzidi ni kuanza mapema.

TUJIKOSOE

Mwanachama mwaminifu hamnyoshei kidole jirani kabla ya kufagia ua wake. Nasi tuna mengi ya kufagia.

Kwanza, jina tunalolipigania sisi wenyewe hatukulitunza. Katika kanuni zile za Japani, jina la Kilimanjaro limekuwa likitumika kwa Arabika ya Tanzania kwa jumla, isipokuwa ile ya Bukoba. Maana yake, kahawa ya Mbinga na ya Mbozi huko huitwa Kilimanjaro. Wako wanaofurahi kwa kuwa inauzika. Lakini mkulima wa Mbinga ana milima yake, ana ladha yake, na anastahili jina lake. Tukimficha ndani ya jina la Kilimanjaro tunamfanyia yale yale tunayoyalaani yakifanywa Ulaya. Ukweli wa lebo hauwezi kuwa wetu tunapoumizwa tu.

Pili, ushirika. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na vikarudishwa mwaka 1984 baada ya madhara kuonekana. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvivunja kulikuwa kosa. Wakati ule tulipoteza hazina ya mazoea: makarani waliomjua kila mkulima, wapimaji walioweza kukataa kahawa chafu bila kuogopa uso wa mtu. Baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1990, walanguzi walipita kihamba kwa kihamba wakinunua mbivu na mbichi, nzuri na mbovu, na kuzichanganya. Kahawa iliyochanganywa kwa ulanguzi Himo haiwezi kudai jina safi Hamburg. Na ile inayovushwa usiku mpakani Rombo hupoteza uraia wake kabla hata ya kuliona jiko la mkaangaji, kisha sisi hulalamika kwamba watalii huambiwa mlima wetu uko nchi jirani.

Tatu, sheria. Zanzibar ilitunga mwaka 2008 sheria ya mali za viwanda inayotambua majina ya mahali, na karafuu ikapata mlango wa kupita. Bara tumekuwa tukitegemea Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo iliandikwa kwa ajili ya alama ya mfanyabiashara mmoja mmoja. Haikuandikwa kwa ajili ya jina ambalo ni mali ya jamii nzima ya mlima. Hatuwezi kumwomba mgeni aheshimu hati ambayo hatujaiandika.

Nne, na hili litatuuma sisi tulioelimika: vikombe vyetu. Kopo lile la semina halikuletwa na mabeberu kwa nguvu. Lilinunuliwa kwa fedha za umma, kwa hati halali ya ununuzi, na likatiwa saini na mtumishi ambaye huenda baba yake ni mwanachama wa chama cha msingi. Sehemu ndogo tu ya kahawa ya Tanzania hunywewa Tanzania. Tunasafirisha ile yenye jina na kuagiza isiyo na jina, kisha tunaiita ya kisasa. Hii ni kasumba, na dawa ya kasumba haiuzwi nje.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Basi nini kifanyike? Lawama bila mpango ni kelele tu, kwa hiyo napendekeza mambo matano.

Kwanza, wajumbe wetu katika tume ya Codex, wakishirikiana na wenzao wa nchi zinazolima kahawa, wadai kwamba sehemu ile ya pili ya kifungu cha 4.5 irekebishwe, ili chakula kinachotokana na zao moja kitaje nchi zao lilikolimwa, hata kama kimekaangwa kwingine. Mkaangaji naye atajwe, hatuna kinyongo naye. Februari 2025 jiji la Dar es Salaam lilikuwa mwenyeji wa mkutano wa nchi 25 za Afrika zinazozalisha kahawa. Nchi 25 zenye sauti moja haziwezi kupuuzwa katika chumba chochote cha mikutano duniani.

Pili, Bara nayo iwe na sheria kamili ya majina ya mahali, na jina la Kilimanjaro lisajiliwe kwa mipaka ya kweli, kwa manufaa ya wakulima wote wa mlima kupitia ushirika wao. Jina hilo lisiangukie mikononi mwa kampuni moja yenye mwanasheria mwepesi. Mbinga, Mbozi, Kagera na Kigoma zifuate.

Tatu, Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa usimamizi wa chakula, lihakikishe kwamba kila pakiti inayouzwa nchini, ya kahawa, chai, asali au mchele, inataja ilikotoka. Anayeandika mchele wa Kyela kwenye gunia la mchele wa kwingine ni ndugu wa damu wa yule mkaangaji wa Ulaya, na sheria iwatazame kwa jicho moja.

Nne, ofisi za serikali, shule na vyuo vinunue kahawa ya Tanzania yenye jina la wilaya. Agizo hili halihitaji mkopo wala mfadhili. Linahitaji kalamu ya ofisa ugavi.

Tano, walimu. Mtoto wa darasa la tano aliyejifunza asilimia anaweza kusoma lebo. Mletee kopo na pakiti darasani. Mwulize: nani ametajwa hapa, na nani hakutajwa? Katika jiografia achore njia ya gunia kutoka Lyamungo hadi bandarini, na katika hisabati apige hesabu ya vikombe 80. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatakuwa ofisa wa kutia saini bila kusoma.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba unyonyaji ni mtu kuishi kwa jasho la mwenzake. Unyonyaji una ngazi zake. Wa kwanza huchukua mazao ya mtu, wa pili huchukua bei yake, na wa tatu huchukua jina lake ili asiweze hata kudai yale mawili ya mwanzo. Wazee wetu wa mwaka 1925 walipoambiwa kwamba Mwafrika hawezi kulima kahawa, walijibu kwa kuilima. Sisi tunaambiwa kwamba kahawa yetu haiwezi kutajwa. Jibu letu lianze katika meza zetu, liende bungeni, kisha lifike Roma.

Mwalimu yule mstaafu hakunywa kahawa siku ile. Alilirudisha kopo mezani, akaomba maji ya moto matupu.